Uchovu wa Mgonjwa wa Tezi ya Shingo

Leo nataka kusema habari za mgonjwa ambaye mara nyingi haaminiwi na watu wa nyumba yake mwenyewe. Mgonjwa wa homa hutetemeka, nasi twamwona. Mwenye kidonda hufungwa kitambaa, nasi twamhurumia. Lakini yuko mgonjwa asiye na homa wala kidonda, tena pengine amenenepa kidogo na mashavu yake yamejaa, hata mtu apitaye njiani humwambia, "Bibi, umependeza siku hizi." Kumbe bibi yule akiinua ndoo ya maji mikono humlegea, na akiketi kupumzika huona kwamba kusimama tena ni kazi kama kupanda mlima.

Nitawapa mfano. Tuseme yuko mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, akaaye katika nchi ya baridi upande wa Njombe, mwenye umri wa miaka 38, na watoto watatu, na shamba la mahindi la nusu ekari. Simtaji mtu fulani. Ni mfano tu, walakini wenzake wa kweli ni wengi. Kwa muda wa mwaka mzima nguvu zake zilipungua kidogo kidogo. Ngozi ilikauka, nywele zikakatika, sauti ikawa nzito, choo kikawa kigumu, hedhi ikazidi desturi yake, na baridi ikamwingia hata jua lilipowaka. Darasani alianza kusahau majina ya watoto aliowafundisha tangu mwaka uliopita. Majirani wakasema maneno yao: hawa wakasema ni uvivu, wale wakasema amerogwa. Mwisho alikwenda hospitali ya wilaya, akatolewa damu, akaambiwa kwamba tezi yake ya shingo haifanyi kazi ya kutosha. Akapewa vidonge, akaagizwa ameze kimoja kila siku asubuhi.

Akarudi nyumbani kwa furaha, maana ugonjwa uliopata jina si mzito kama ugonjwa usio na jina. Likapita juma la kwanza, na la pili, na mwezi mzima. Choo kililainika kidogo, lakini uchovu ulikuwa pale pale. Mama mkwe wake, ambaye si mtu mbaya, akamwambia, "Mwanangu, dawa gani hii isiyoponya?" Naye usiku alilala macho akifikiri mambo mawili: ama avitupe vidonge vile, ama ameze viwili badala ya kimoja. Mawazo hayo yote mawili yana hatari, na kwa ajili ya mama huyo na mama mkwe wake nimeyaandaa maongezi haya.

Kwanza yafaa tujue tezi hii ni kitu gani. Ukiweka vidole mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo, hapo ndipo ilipo. Ina mabawa mawili kama kipepeo, na kwa mtu mzima uzito wake ni gramu 20 hivi, yaani si kitu kikubwa. Wengine huiita dundumio, na madaktari huiita thairoidi. Kazi yake ni kutengeneza maji fulani ya nguvu yaitwayo homoni, na kuyatia katika damu yaenee mwilini mwote. Homoni hii ndiyo inayoamuru moto wa mwili uwake kwa kadiri gani. Mpishi akipunguza kuni chini ya chungu, maji hayataacha kuwa na joto mara moja, ila yatachelewa kuchemka, na maharage yatakaa mabichi hata jioni. Ndivyo ulivyo mwili uliopungukiwa na homoni: moyo hupiga polepole, tumbo husaga polepole, akili hufikiri polepole, na viungo huchoka kabla ya kazi kuanza.

Sababu za kupungukiwa si moja. Katika nchi za milima, mvua za miaka mingi zimeosha udongo na kuondoa madini joto, nayo ndiyo malighafi ya homoni hiyo. Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania wazee hawajasahau jinsi watu wengi walivyokuwa na rovu shingoni. Rovu lile ni tezi iliyovimba kwa kujaribu kufanya kazi bila vifaa. Miaka ya 1980 watu wa sehemu hizo waligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na tangu miaka ya 1990 yamekuwa yakitiwa katika chumvi, na rovu limepungua sana. Lakini sababu nyingine, ambayo chumvi haiiondoi, ni kwamba askari wa mwili wenyewe, wale wanaopigana na vijidudu vya maradhi, hugeuka na kuishambulia tezi kana kwamba ni adui. Mwaka 1912 daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, alieleza habari za wanawake wanne ambao tezi zao alizikuta zimejaa chembe za askari hao, na ugonjwa huo hata leo huitwa kwa jina lake. Huwashika wanawake mara nyingi kuliko wanaume. Wengine tena hupungukiwa baada ya tezi kukatwa katika upasuaji, au baada ya kutibiwa kwa dawa ya mnururisho kwa sababu hapo kwanza ilikuwa ikifanya kazi kupita kiasi.

Nasema haya kwa kuwa wako wanaodhani kwamba mgonjwa akila chumvi nyingi, au akinunua dawa za mwani sokoni, tezi itaamka. La. Chumvi yenye madini joto ni njema kwa nyumba nzima, kwa kiasi cha chakula cha desturi. Bali tezi iliyokwisha haribiwa na askari wa mwili haiponi kwa kuongezewa madini, na pengine hudhurika zaidi.

Basi, ikiwa tezi haiponi, dawa inafanya nini? Hapa sina budi kuwapeleka mbali kidogo, katika mji wa Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1891. Palikuwa na daktari kijana, George Murray, na mgonjwa wake mwanamke wa miaka 46, aliyevimba uso na mikono, aliyekuwa mzito wa maneno na mwenye kusikia baridi daima. Wakati ule ugonjwa huo haukuwa na dawa. Daktari Murray akachukua tezi za shingo za kondoo waliochinjwa, akazikamua maji, akamdunga mgonjwa maji hayo chini ya ngozi. Wenzake wengine walidhani ni upuzi. Lakini baada ya miezi michache uvimbe ulishuka, maneno yakawa mepesi, na mama yule akaweza kwenda mwenyewe na kufanya kazi zake. Baadaye ilionekana kwamba hapana haja ya sindano. Dawa ikinywewa yatosha. Mama yule aliishi miaka 28 zaidi, akafa mwaka 1919 akiwa na miaka 74, na katika muda huo alitumia tezi za kondoo zaidi ya 870.

Hesabu hiyo ya kondoo yafaa kufikiriwa sana. Kama dawa ingaliponya tezi, kondoo wachache wangalitosha. Walitakiwa zaidi ya 870 kwa sababu dawa haikuiponya tezi yake. Ilifanya kazi badala yake, siku baada ya siku. Mwaka 1927 wataalamu wa Uingereza, Harington na Barger, walifaulu kuitengeneza homoni ile kwa ufundi wa kemia, na kidonge cha leo, kiitwacho levothairoksini, hutengenezwa kwa kemia vivyo hivyo, wala hakitoki kwa mnyama. Lakini kanuni ni ile ile ya mwaka 1891. Mwenye kumeza kidonge hiki hanywi dawa kama ya malaria, ambayo humezwa siku chache kisha basi. Anaulisha mwili kitu ambacho mwili hauwezi tena kujitengenezea wa kutosha. Kwa wagonjwa wengi ni kazi ya maisha yote.

Sasa twaweza kujibu swali la mama mkwe. Dawa hii huenda polepole kwa tabia yake. Kidonge ukimeza leo, baada ya siku saba bado karibu nusu yake imo mwilini. Fikirini mtungi mkubwa ulio mtupu, ambao kila asubuhi hutiwa kikombe kimoja cha maji, na huku maji yanavuja kidogo chini yake. Hautajaa kwa siku moja, wala kwa juma moja. Hupanda kidogo kidogo mpaka kiasi kinachoingia kiwe sawa na kinachotoka, na muda huo ni kadiri ya majuma sita. Ndiyo sababu daktari hampimi mgonjwa damu baada ya siku kumi, bali baada ya majuma sita hadi manane. Tena homoni ikiisha kutosha katika damu, viungo vyenyewe havijarekebika bado. Misuli iliyolegea mwaka mzima, ngozi iliyokauka, akili iliyofunikwa na ukungu, vyote vyahitaji muda wa kujijenga, na uchovu aghalabu huwa wa mwisho kuondoka. Kwa wengine ni miezi mitatu, kwa wengine sita, hata zaidi. Laiti wale watoao vidonge dirishani wangemwambia kila mgonjwa neno hili tangu siku ya kwanza. Lingewaokoa wengi na kukata tamaa.

Na kuna jambo jingine. Kipimo cha dawa hakiwi sawa kwa watu wote. Mtu mzima mwenye moyo wenye afya, ambaye tezi yake imekwisha kabisa, huhitaji kadiri ya mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake. Ambaye tezi yake bado yafanya kazi kidogo huhitaji chini ya hapo. Mzee, au mwenye ugonjwa wa moyo, huanzishwa kwa kiasi kidogo sana, mikrogramu 25 au pungufu, kisha huongezwa kwa hatua, maana moyo uliozoea kwenda polepole haufai kupigwa kiboko ghafula. Basi yawezekana kabisa kwamba mgonjwa amechoka kwa kuwa bado yuko katika ngazi ya kwanza. Si dawa iliyoshindwa. Ni dawa isiyofikia kiasi.

Daktari hujuaje kiasi? Chini ya ubongo iko tezi nyingine ndogo, nayo ni kama msimamizi. Ikiona homoni ya shingo imepungua, hupiga kelele ili tezi ya shingo ifanye bidii. Kelele hiyo hupimwa katika damu, na katika karatasi ya maabara utaiona imeandikwa kwa herufi tatu, TSH. Watu wengi hushangaa wanapoambiwa kwamba tarakimu imepanda na hiyo ni habari mbaya, maana wadhani kupanda ni kupata. Sivyo. Tarakimu kubwa maana yake msimamizi anapiga kelele, kazi haifanyiki. Ikishuka mpaka mipaka iliyo sawa, msimamizi ameridhika. Ikishuka chini mno, dawa imezidi.

Nimefika katika jambo ambalo, kwa maoni yangu, huharibu matibabu mengi kuliko mengine yote, nalo ni namna ya kumeza. Kidonge hiki ni chepesi kuzuiwa tumboni. Kikikutana na chakula hakiingii vyema katika damu, na siku ile ni kana kwamba umemeza nusu au robo. Sharti kimezwe tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, kisha mgonjwa angoje nusu saa, na saa nzima ni bora, kabla ya kunywa chai au kula. Si kwa chai ya maziwa, wala kwa kahawa, wala kwa uji. Uji wa lishe uliotiwa unga wa soya nautaja kwa jina, kwa sababu soya huizuia dawa hii, na uji huo ndio watu humpa mgonjwa kwa wema ili apate nguvu. Haukukatazwa, unywewe baadaye.

Hatari zaidi kuliko uji ni vidonge vingine. Vidonge vya kuongeza damu, ambavyo ndani yake mna madini ya chuma, na vidonge vya chokaa vya mifupa, na dawa za kutuliza kiungulia zenye chokaa, magnesi au alumini, vyote hushikana na dawa ya tezi tumboni na kuifanya isifae kitu. Viachane kwa saa nne. Mgonjwa aamkaye saa kumi na mbili asubuhi akameza kidonge cha tezi, na ameze kile cha damu baada ya chakula cha mchana. Dawa nyingine, kama ile ya kifua kikuu iitwayo rifampisini, na baadhi ya dawa za kifafa, huufanya mwili uitumie homoni upesi zaidi, hata kipimo cha zamani kisitoshe. Kwa hiyo kila daktari au mganga akuandikiaye dawa yo yote, mwambie kwamba una dawa ya tezi.

Asiyeweza kumeza asubuhi, kwa sababu ya safari au watoto, aweza kumeza usiku wakati wa kulala, ikiwa zimepita saa tatu tangu alipokula. Hili huwafaa pia Waislamu katika mwezi wa Ramadhani, ambao wengine humeza kabla ya daku, nusu saa au zaidi, na wengine wakati wa kulala, kama futari ilikwisha mapema. Muhimu ni kuchagua wakati mmoja na kuushika. Ukisahau, meza utakapokumbuka siku ile ile. Siku moja haitakuangusha, maana mtungi haukauki kwa siku moja. Lakini asahauye mara mbili au tatu kila juma, kisha akalaumu dawa, ajilaumu kwanza kalenda yake.

Na vidonge viwekwe pakavu, mbali na jua na joto, katika karatasi yake ile ile ya kiwandani. Nimeona watu wakiviweka juu ya kabati, chini kabisa ya bati la nyumba, ambapo mchana mkono hauwezi kukaa. Dawa hii hupoteza nguvu kwa joto na unyevu, na mgonjwa huendelea kumeza kitu chenye umbo la kidonge tu. Chini ya kitanda, katika kisanduku, ni afadhali kuliko juu ya kabati.

Sasa lile wazo la kumeza viwili. Aliyechoka huona kwamba ikiwa kimoja huleta nguvu kidogo, viwili vitaleta nyingi. Siku za kwanza pengine atajisikia mwepesi kweli. Kisha moyo utaanza kwenda mbio, mikono itatetemeka, usingizi utakatika, jasho litamtoka, na atakonda. Na mtu asiyelala kwa moyo kudunda atachoka zaidi ya mwanzo, asijue sababu. Hili likiendelea miezi na miaka, moyo hupoteza mapigo yake ya sawa, na mifupa hukonda mpaka huvunjika kwa kuanguka kidogo, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi. Wala usimpe jirani kidonge chako ati apate kupunguza unene. Hiyo si zawadi.

Na wazo la kuvitupa ni baya kuliko hilo. Kwa kuwa dawa hukaa mwilini, mwenye kuacha haoni neno siku za kwanza, naye hujisifu kwamba amepona. Baada ya majuma baridi hurudi, na uvimbe, na uzito wa akili. Kwa wachache, hasa wazee, wakipatwa na homa ya mapafu au ugonjwa mwingine juu yake, mwili hupoa kabisa: mgonjwa husinzia mchana, hajibu sawasawa, pumzi huwa za polepole, na ngozi huwa baridi. Mtu wa namna hiyo asingojwe mpaka asubuhi. Apelekwe hospitali saa ile ile, na wampelekao waseme kwamba ana ugonjwa wa tezi na ameacha dawa.

Lakini tuseme mgonjwa amemeza ipasavyo, na tarakimu za maabara zimekuwa sawa, na uchovu bado upo. Je, anajifanya? Hasha. Hukisiwa kwamba katika kila wagonjwa 100 waliokwisha kurekebishwa damu, 5 hadi 10 huendelea kulalamika. Wengine kati yao wana mwizi wa pili ndani ya nyumba. Damu yaweza kuwa imepungua kwa hedhi nyingi, au kwa safura, wale minyoo wanaoingia kwa nyayo za wasiovaa viatu na kunyonya damu matumboni. Malaria ijayo na kurudi huchosha. Ugonjwa wa sukari huchosha. Mwenye tezi iliyoshambuliwa na askari wa mwili yuko katika hatari kidogo zaidi ya wengine ya kukosa vitamini B12, ambayo upungufu wake huleta uchovu na ganzi miguuni. Akoromaye sana usiku, na pumzi kumkatika usingizini, huamka amechoka kuliko alivyolala. Na huzuni nzito ya moyo, ambayo wengi huona haya kuitaja, huvaa nguo zile zile za uchovu. Mimba nayo isisahauliwe: mwanamke mwenye ugonjwa huu akijua tu kwamba ni mjamzito, aende kliniki mara moja, asingoje tumbo lionekane, kwa kuwa dawa aghalabu hutakiwa kuongezwa tangu majuma ya kwanza, na akili ya mtoto hutegemea homoni ya mama yake.

Liko jambo moja adimu lakini kubwa. Mgonjwa akizidi kulegea, akikonda badala ya kunenepa, akitapika, akiona kizunguzungu kila asimamapo, na ngozi yake ikawa nyeusi kuliko asili yake, hasa katika mikunjo ya viganja na kwenye ufizi, amwambie daktari upesi. Yawezekana kwamba tezi nyingine zilizo juu ya figo zimeharibika pia, na hapo kuongeza dawa ya shingo peke yake huleta hatari.

Wachache waliobaki, ambao kila kitu kimepimwa na hakikuonekana kitu, wengine hujaribiwa kuongezewa homoni ya aina ya pili na daktari bingwa. Majaribio mengi hayakuonyesha wazi kwamba inapita ile ya kwanza, ingawa wako wagonjwa waisifuo. Si jambo la kununua dukani.

Katika miezi hiyo ya kungoja mtu hana budi kuishi, na shamba halingoji. Hapa naomba nisikilizwe na watu wa nyumbani zaidi ya mgonjwa. Nguvu za mgonjwa huyu ni kama unga uliobaki debeni mwezi wa njaa: upo, lakini lazima upimwe. Kosa kubwa ni kwamba siku akijisikia vyema hutaka kulipa deni la juma zima. Hulima tangu alfajiri, hufua, hubeba kuni, na siku mbili zinazofuata hawezi kuinuka, na watu husema, "Si jana tu alikuwa mzima?" Ni afadhali alime mistari mitatu kila siku kuliko mistari kumi na mbili siku moja. Apumzike kabla hajachoka, si baada ya kuchoka; robo saa akiwa amelala chali baada ya kila saa moja ya kazi yafaa kuliko kulala mchana kutwa, ambako huiba usingizi wa usiku.

Kazi nzito zipangwe katika saa zake za nguvu. Kila mtu anazo, na daftari litazionyesha: aandike kwa juma mbili saa aliyochoka na saa aliyokuwa mwepesi. Mwalimu wetu akiona kwamba nguvu zake ziko asubuhi, amwombe mwalimu mkuu hesabu zifundishwe saa hizo, na mchana awape watoto kusoma. Maji yateke vijana. Mume asione aibu kushika mwiko. Hakuna sheria iliyoandikwa kwamba ugali husongwa na mkono mmoja tu.

Kukaa kitako siku zote nako si dawa. Misuli isiyotumiwa hulegea zaidi. Aanze kwa kutembea dakika kumi, polepole, njia iliyo sawa, na akiweza kwa juma zima bila kulala kesho yake, aongeze dakika tano. Ale maharage, mboga za majani, mayai na dagaa kadiri apatavyo. Mihogo si haramu kwake, mradi imeandaliwa vizuri kwa kulowekwa na kukaushwa, na chumvi ya nyumbani iwe ile yenye madini joto. Usiku alale na kuamka saa zile zile, ajifunike vyema, maana mwili unaopigana na baridi hutumia nguvu zisizokuwapo.

Na yule mama wa mfano wetu? Juma la nane alirudi hospitali akiwa na daftari lake, na mama mkwe alimsindikiza. Daktari alimwuliza swali ambalo hakuna aliyemwuliza kwanza: "Kidonge wakimeza kwa nini?" Akajibu kwa unyofu, "Kwa chai ya maziwa, pamoja na kile cha damu, nisije nikasahau kimoja." Damu ilipopimwa, tarakimu ya msimamizi ilikuwa imeshuka lakini si vya kutosha, na damu yenyewe ilikuwa pungufu kwa ajili ya hedhi. Akaongezewa kipimo kutoka mikrogramu 50 hadi 75, akaambiwa kidonge cha tezi ni cha alfajiri kwa maji, na kile cha damu ni cha mchana. Mama mkwe ndiye aliyechukua kazi ya kuchelewesha chai. Katika kalenda ya ukutani wameweka alama juma la sita, siku ya kutolewa damu tena, na chini yake wameandika kwa penseli kwamba asubuhi ile kidonge kisimezwe kabla, bali kichukuliwe mfukoni kimezwe baada ya sindano.